Avata: anaketi, inaketi, au anakalishwa?

Avata ni umbo linalomwakilisha mtumiaji wa kompyuta ndani ya ulimwengu pepe, yaani mahali palipoundwa kwa programu ambapo watu wengi, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake, hukutana na kuonana kwa wakati mmoja. Asili ya neno ni Kisanskriti, ambako lilitaja kushuka kwa mungu duniani akiwa amevaa umbo la kiumbe. Katika miaka ya 1980 Chip Morningstar na Randy Farmer, waundaji wa mchezo wa Habitat wa kampuni ya Lucasfilm, walilitumia kwa maana ya umbo la mchezaji kwenye skrini. Riwaya ya Neal Stephenson iitwayo Snow Crash, iliyotoka mwaka 1992, ililieneza zaidi. Kiswahili kimelipokea kwa kudondosha konsonanti ya mwisho, na limetulia vizuri mdomoni.

Taabu iko kwenye upatanisho wa kisarufi. Wapo wanaosema "avata inaketi", kama wasemavyo "roboti inaketi", na wapo wanaosema "avata anaketi", kama wasemavyo "mwanasesere anaketi". Kwa umbo lake neno ni la ngeli ya I-ZI. Kwa maana yake linaegemea ngeli ya A-WA, kwa sababu Kiswahili huvipa viumbe hai upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino: simba analala, kifaru analala, daktari analala. Swali la kisarufi basi huzaa swali jingine, iwapo avata ni kiumbe, chombo, au mtu mwenyewe. Haliwezi kujibiwa kwa kutazama picha kwenye skrini. Hujibiwa kwa kuchunguza jinsi avata inavyoendeshwa na nani ana uwezo wa kuiendesha. (Makala haya yanatumia I-ZI mpaka hapo swali litakapopata jibu.)

Uchunguzi huo unafaa zaidi katika ulimwengu pepe unaoandikika. Katika michezo mingi ya kompyuta kanuni zote huandikwa na kampuni, na mchezaji hucheza tu. Katika ulimwengu unaoandikika, wakaazi wenyewe hutunga skripti, yaani programu fupi zinazokaa ndani ya vitu na kuvifanya vitende: mlango ufunguke ukiguswa, gari liende, kiti kimpokee anayekalia. (Mkulima wa mpunga analijua neno pepe kwa maana nyingine: punje tupu, ganda lisilo na kiini. Msomaji anaweza kuamua mwishoni kama maana hiyo inafaa hapa.) Pale ambapo kila mkaazi anaweza kuandika sheria ndogo za vitu, sharti aulizwe pia kama anaweza kuandika sheria inayougusa mwili wa mwenzake.

Mfano wa kale na ulio wazi zaidi ni LambdaMOO. Ulimwengu huu ulifunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Haukuwa na picha hata moja, kwani kila kitu kilikuwa maandishi. Mtumiaji aliingia, akasoma maelezo ya chumba alichomo, akaandika amri, na wote waliokuwamo chumbani wakaona mstari mmoja wa maneno. Aliyeandika nukta mbili na kufuatisha neno "anacheka" aliwafanya wenzake wasome "Fulani anacheka". Ndani ya hifadhidata Fulani alikuwa kitu chenye namba, kama vile kiti au taa, chenye sifa zake na amri zake. Machoni pa wenzake alikuwa sentensi yenye kiima na kiarifu.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu. Ikiwa mwili wa mtu ni sentensi ya nafsi ya tatu, basi anayeweza kuandika sentensi yenye jina la mtu huyo mahali pa kiima ameweza kuutembeza mwili wake. Hahitaji nywila yake, wala hahitaji kuingia katika akaunti yake. Anahitaji tu chombo kinachotoa mstari chumbani bila kuonyesha ni nani aliyeutoa. Chombo cha namna hiyo si kigumu kutunga mahali ambapo kila mwenye kibali cha utungaji anaweza kuandika programu.

Mwaka 1993 kilitungwa na kutumiwa kwa ubaya. Mtumiaji aliyejiita Mr. Bungle aliingia katika sebule ya LambdaMOO akiwa na kidoli cha uchawi, yaani programu iliyochapisha mistari iliyodai kwamba wahusika wengine wanafanya mambo ambayo wenye wahusika hao hawakuyaandika. Mistari hiyo iliwaonyesha wakimtendea yeye, na wakijitendea wenyewe, vitendo vya ngono na vya kujiumiza. Alitolewa chumbani, lakini kidoli hakikujali umbali na mistari ikaendelea kuchapishwa. Ilikoma pale mkaazi mmoja mkongwe alipomfungia ndani ya kizimba ambacho nguvu za kidoli hazikuweza kukipenya. Mwandishi Julian Dibbell alilieleza tukio hilo katika gazeti la The Village Voice mwezi Desemba mwaka huohuo. Kati ya mambo aliyoyaripoti ni kwamba mwanamke mmoja aliyetendewa hivyo, alipoandika siku ya pili kudai mkosaji aadhibiwe, alikuwa akilia machozi ya kweli mbele ya mashine yake.

Kiufundi hakuna kitu cha mtu yeyote kilichoguswa. Namba za wahusika zilibaki zilezile, sifa zao hazikubadilishwa, hakuna amri iliyotolewa kwa jina la akaunti zao. Palichapishwa maneno tu. Wengine walishika hoja hiyo na kusema kwamba hapakuwa na kosa, na kwamba asiyependa angeweza kutumia amri ya kumziba asiyetaka kumsikia. Hoja hiyo ilisahau kwamba mtu akiziba masikio yake, wenzake chumbani wanaendelea kusikia.

Kiswahili kina maneno mawili yanayoifafanua hali hii vizuri kuliko maelezo mengi ya kiufundi. Kutokana na kitenzi cheza tunapata chezesha, kwa kauli ya kutendesha, na chezea, kwa kauli ya kutendea. Kuchezeshwa ni kufanywa ucheze, na aliye mkononi mwa mchezeshaji ni mwili. Kuchezewa ni kufanywa kitu cha mchezo, na anayeumia ni mtu, kwa maana neno hili katika matumizi ya kawaida hubeba dharau na hata unajisi. Wahusika wa LambdaMOO hawakuchezeshwa, kwa kuwa hakuna programu iliyowashika. Watu waliokuwa nyuma yao walichezewa. Kanuni za mashine zililinda wahusika na hazikuwa na habari ya watu.

Mkutano wa wakaazi uliitishwa na haukufikia uamuzi. Baadaye mmoja wa wasimamizi wakuu alichukua hatua peke yake na kumfuta Mr. Bungle. Wasimamizi wa juu wa ulimwengu ule waliitwa wachawi, na adhabu ya kumfuta mtu iliitwa kumgeuza chura. Kwa Kiswahili jina la waganga lingewafaa zaidi, maana mchawi kwetu hukusudia dhara, naye mganga hushika nguvu zilezile kwa kazi ya kurekebisha. Baada ya tukio hilo Curtis aliweka utaratibu wa maombi na kura ili wakaazi wenyewe waweze kuamua mambo ya jamii. Upande wa ufundi palikuwa na amri za kumwezesha mtumiaji kukagua mstari alioupokea umetokana na nani. Mstari wenyewe ulibaki kuwa rahisi kughushi, ila mghushi aliweza kujulikana.

Miaka 10 baadaye, mwezi Juni mwaka 2003, kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilifungua Second Life, ulimwengu wa picha za pande tatu ambao nao unaandikika kwa lugha yake ya skripti iitwayo LSL. Ardhi yake imegawanywa katika maeneo ya mraba yenye mita 256 kwa 256, na kila eneo huendeshwa na seva. Hapa mwili si sentensi tena. Una kichwa, mikono, nywele, nguo, na huonekana ukitembea. Jinsi unavyotembea inahitaji kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu udhibiti wote umefichwa humo.

Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kwenda mbele, avata haisogei kwa sababu hiyo peke yake. Programu iliyo kwenye mashine yake hupeleka taarifa kwa seva kwamba kitufe cha mbele kimebonyezwa. Seva hukokotoa fizikia, ikaangalia kama pana ukuta, ikaamua avata iko wapi sasa, kisha ikazijulisha mashine za wote walio karibu. Mashine hizo ndizo zinazochora mwili ukinyanyua miguu, kila moja kwenye skrini yake. Mtumiaji basi huomba mwendo, seva huamua, na watazamaji huchora. Mtazamaji aliyemziba mtu fulani hatauchora mwili wake sawasawa, ingawa mwili huo uko pale. Kati ya ombi na uamuzi kuna nafasi ya skripti kuingia.

Skripti haikai ndani ya mwili. Hukaa ndani ya vitu, na kitu chaweza kuvaliwa mwilini kama kofia au kiatu, lakini mwili wenyewe hauna skripti yake. LSL pia hutofautisha majina: umbo linaloonekana ni avata, na mtumiaji aliyeunganishwa huitwa kwa neno lenye maana ya wakala. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye wakala kwake ni mtu wa dukani anayempokelea na kumpa fedha za simu, atashangaa kidogo. Wakala ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine. Hapa mtumiaji mwenyewe ndiye anayeitwa wakala, na haielezwi ni wakala wa nani.

Kila mtumiaji ana namba ya utambulisho ya biti 128, inayoandikwa kwa herufi na tarakimu 32 pamoja na vistari 4. Jina linaweza kubadilika. Hapo awali mtu alichagua jina la kwanza na kuokota la ukoo kutoka kwenye orodha, na tangu mwaka 2010 wageni wamepewa jina la ukoo moja wote na kuruhusiwa kuweka jina la kuonyesha walipendalo. Namba haibadiliki. Skripti humjua mtu kwa namba hiyo, na haihitaji kumwomba aitaje, kwani akigusa kitu, akijigonga nacho, au akipita karibu na kitu chenye kihisi, namba yake hupatikana. Kihisi cha LSL hufika umbali wa mita 96. Skripti ikishaipata namba inaweza kuuliza kama mtu huyo anatembea, ameketi, anaruka angani, anaandika, au ameiacha mashine yake kwa muda. Kumjua mtu hakuhitaji hodi.

Kumwendesha kunahitaji hodi. Skripti inayotaka kuuchezesha mwili wa mtu, kushika vitufe vyake vya mwendo, kuhamisha kamera yake, kumsafirisha papo hapo hadi mahali pengine, au kutoa fedha katika akaunti yake, sharti kwanza iombe ruhusa kwa kutaja namba yake na aina ya ruhusa inayotakiwa. Kidirisha hutokea kwenye skrini kikitaja kitu kinachoomba na mwenye kitu hicho, na mtumiaji hukubali au hukataa. Hivyo ndivyo Second Life ilivyojaribu kuziba pengo ambalo kidoli cha LambdaMOO kilipitia. Mstari wa maneno unaweza kughushiwa, lakini mwendo wa mwili hauwezi kutoka kwa mwingine bila ombi.

Hata vitufe vyenyewe vimewekewa mpaka. Skripti iliyoruhusiwa kushika vitufe hupata vile vya mwendo tu, yaani mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na kitufe cha kipanya. Herufi anazoandika mtu haizioni, kwa hiyo haiwezi kuiba nywila kwa njia hiyo. Lakini katika mpaka huo nguvu yake ni kubwa. Inaweza kupokea taarifa kwamba kitufe cha mbele kimebonyezwa kisha ikaipitisha iende zake, au ikaizuia. Ikiizuia, mtumiaji atabonyeza mpaka kidole kichoke na avata itabaki pale pale. Gari, ndege na mashua zote za Second Life hutegemea uwezo huo: vitufe vya kutembea hukoma kuwa vya miguu na kuwa vya usukani. Pingu nazo zimetungwa kwa uwezo uleule.

Katika utaratibu huu wa hodi kuna mwanya, nao uko mahali ambapo mtu hangeutazamia: kwenye kiti. Avata ikiketi juu ya kitu, skripti ya kitu hicho ikiomba kuuchezesha mwili, kushika vitufe vya mwendo au kuiongoza kamera, ruhusa hutolewa papo hapo na kidirisha hakitokei. Vivyo hivyo kwa kitu kilichovaliwa. Waundaji walikuwa na sababu nzuri. Kama kila kiti cha mkahawa kingeuliza maswali 3 kabla ya mtu kukaa, hakuna ambaye angekaa. Kwa hiyo tendo lenyewe la kuketi lilihesabiwa kuwa jibu. Anayeketi amekubali kukalishwa, kiti kikichagua kama atakunja miguu, ataegemea, au atacheza ngoma.

Pwani ya Afrika Mashariki ina msamiati wa kale unaokaribiana na hali hii kwa namna ya ajabu. Katika ngoma za pepo, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti: pepo amempanda, ameketi juu yake, na maneno yatokayo kinywani mwake si yake. Second Life imeigeuza picha hiyo. Huko mtu ndiye anayeketi, na kiti kilicho chini yake ndicho kinachompanda. Ufanano unaishia hapo, kwani pepo wa pwani hutajwa jina na hujadiliwa masharti yake mbele ya watu, ilhali skripti ya kiti haisemi chochote.

Jambo jingine la kiti halijulikani na wengi. Mtu akisimama, vitufe vyake na kamera yake humrudia, lakini ruhusa ya kuuchezesha mwili haifutiki kwa kusimama tu. Skripti huendelea kuishika mpaka iwashwe upya au iombe ruhusa mpya. Mara nyingi hili ni jambo la manufaa: skripti ya kiti huitumia ruhusa hiyo kuusimamisha mchezo wa mwili baada ya mtu kuinuka, na mtungaji asiyekuwa makini akisahau hatua hiyo, mtu huondoka akitembea huku mwili wake ungali umekunjwa kama aliyeketi. Ndiyo maana programu ya mtumiaji ina amri ya kusimamisha michezo yote ya mwili kwa mkupuo, na nyingine ya kuachilia vitufe vilivyoshikwa. Mgeni angefanya vyema kuzijua amri hizo mbili kabla ya kujifunza kununua nguo.

Fedha zimelindwa kwa ukali kuliko mwili. Ruhusa ya kutoa fedha katika akaunti haitolewi kimyakimya kwa hali yoyote. Huombwa kwa kidirisha, na anayeweza kuitoa ni mwenye kitu peke yake. Hata hapa kuna la kuangalia. Katika LambdaMOO programu ilitenda kwa mamlaka ya aliyeitunga. Katika Second Life skripti hutenda kwa mamlaka ya anayemiliki kitu ilimo. Mtu akipokea zawadi ya bure, kitu kimekuwa chake, na skripti iliyo ndani, ingawa ilitungwa na asiyemjua, sasa huzungumza kwa jina lake. Ikiomba kutoa fedha naye akakubali bila kusoma, fedha zitatoka kwake kwa amri ya kitu chake mwenyewe.

Mambo mengine hayapitii ruhusa kabisa. Skripti inaweza kuisukuma avata ya mtu yeyote, na kizuizi pekee ni mwenye ardhi kupiga marufuku kusukumana katika kiwanja chake. Mwenye ardhi naye anaweza kumtoa mtu, kumrudisha kwao, na kumwandika katika orodha ya wasiotakiwa. Hiyo ni sheria ya mwenye nyumba, na inafahamika bila maelezo mengi.

Mwezi Januari mwaka 2007 Linden Lab iliweka wazi msimbo wa programu ambayo mtumiaji huitumia kuutazama ulimwengu huo. Watungaji wa nje wakaunda matoleo yao, na miongoni mwao likatokea toleo linalovikubalia vitu anavyomiliki mtumiaji kumwekea vizuizi ambavyo seva haivijui: asiweze kusimama kutoka kwenye kiti, asiweze kuvua alichovishwa, asiweze kuzungumza na wengine. Mtu hulitumia toleo hilo kwa kutaka. Akichoka anaweza kulifunga na kuingia kwa toleo la kawaida, na vizuizi vyote hutoweka. Kwa nje mtu huyo ndiye aliyedhibitiwa kuliko wote, lakini uamuzi wa awali na wa mwisho uko kwake. Aliyeketi kwenye kiti cha mkahawa bila kujua kitamfanyia nini ana vizuizi vichache, na hakuamua lolote.

Hapa maneno matatu ambayo wafasiri wa programu huyachanganya yanahitaji kutenganishwa. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo: mtoto huomba ruhusa ya kutoka, mgeni huomba ruhusa ya kupita. Idhini ni ruhusa iliyo rasmi, yenye kumbukumbu, ambayo huweza kuonyeshwa baadaye kama ushahidi. Ridhaa ni hali ya nafsi: moyo umekubali kwa kujua. Ndoa huulizwa ridhaa, na haitoshi kwa bibi harusi kutopinga. Kidirisha cha Second Life hurekodi idhini. Kiti huchukua ruhusa. Ridhaa haionekani na seva yoyote, kwa sababu seva huona kitufe kilichobonyezwa na haioni aliyebonyeza alielewa nini. Mfasiri anayeandika "toa ridhaa" kwenye kitufe anaahidi jambo ambalo mashine haina uwezo wa kulipokea. Neno sahihi hapo ni "ruhusu", au "idhinisha" pale ambapo kumbukumbu inawekwa. Ridhaa ibaki kwa sheria, tiba na ndoa, na kwa mijadala kama ile ya sebule ya LambdaMOO, ambako ilikosekana ingawa kanuni ya mashine haikuvunjwa.

Vitenzi navyo viteuliwe kwa uangalifu. Kuongoza avata ni kazi ya mtumiaji mwenyewe. Kuendesha kwaweza kuwa kwa mtumiaji au kwa skripti. Kuchezesha, kukalisha, kutembeza na kusimamisha ni vya skripti iliyopewa ruhusa. Kudhibiti, ambalo hutumika ovyo kwa yote haya, lihifadhiwe kwa uwezo wa kuzuia, kama ule wa pingu au wa mwenye ardhi. Maelekezo yanayosema "kitu hiki kitadhibiti avata yako" kwa maana ya kwamba kitaichezesha muziki humtisha msomaji bure, na yale yanayosema "kitu hiki kitaongoza kamera yako" bila kutaja kwamba mwenyewe hataweza kuigeuza humficha jambo.

Ama swali la upatanisho, Kiswahili kina jibu ambalo wasemaji wengi hulitumia kila siku bila kulitambua. Nomino za ngeli ya I-ZI zinazotaja watu walio na uhusiano na msemaji huchukua kitenzi cha A-WA lakini hubaki na kimilikishi cha I-ZI: rafiki yangu anaketi, mama yangu anaketi, adui yangu anaketi. Ng'ombe na mbwa hawamo katika kundi hilo, kwani husemwa ng'ombe wangu, mbwa wangu. Vyombo navyo hawamo, kwani husemwa baiskeli yangu inaanguka. Avata si mnyama anayefugwa, na kwa yote yaliyoelezwa si chombo tu, kwa kuwa kinachotendewa humfikia mtu. Ikae basi pamoja na rafiki, jamaa na adui: avata yangu anaketi, avata yake amekalishwa, avata zetu wanacheza. Inaketi iachiwe sanamu ambayo mtumiaji wake ameondoka, na seva bado haijaiondoa.